Betri Chini ya Kitanda

Sikumdanganya Eustace hata neno moja. Nataka hilo lijulikane kwanza, maana kule kijijini wapo wanaosema nilimuuzia vitu vibovu makusudi, na wapo wanaosema niliviwekea dawa. Dawa gani? Nilimwambia kweli tangu mwanzo mpaka mwisho, mbele ya shahidi, na kama kuna kosa nililofanya basi limo humo humo ndani ya ile kweli.

Eustace alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, kile kipya cha barabarani karibu na Mwimbi. Kabla ya hapo, mwaka sabini na nne wakati wa Operesheni Vijiji, ndiye aliyepewa orodha ya kaya za vilimani zilizotakiwa kuhama, na kaya yetu ilikuwa ya tatu. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua inanyesha asubuhi na jioni. Mama yangu, Josefina, alikuwa na wiki nzima kitandani, kifua kinamkoroma, hawezi kumaliza hata bakuli la uji. Lori lilipofika, mama alimwambia Eustace kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anaumwa, ampe siku nne tu. Eustace alimtazama, kisha akawageukia wale vijana wa mgambo aliokuja nao.

"Huyu anajifanya," akasema.

Basi. Neno hilo moja. Vijana wakapanda juu ya nyumba, wakaanza kung'oa nyasi za paa, na mvua ikaingia mpaka kitandani.

Tulipakiwa kwenye lori lisilo na turubai, pamoja na magunia ya ulezi na kuku waliofungwa miguu. Mke wa Eustace, Mama Marsiana, alikuwa kwenye lori hilo hilo, maana naye alikuwa anahama siku hiyo. Mumewe alikaa mbele na dereva. Mama Marsiana alivua kitenge chake cha juu, akamfunika mama, akampakata kichwa njia nzima huku yeye mwenyewe analowa. Mama alikufa siku ya pili, ndani ya kibanda cha nyasi ambacho hata mlango hakikuwa nacho. Eustace alikuja msibani, akatoa pole kama watu wengine, akala ugali wetu, akaondoka.

Nikaweka moyoni. Sikumtukana wala sikumlilia. Ila kwetu Ufipa mdogo akimsalimu mkubwa hupiga magoti, hukunja viganja, hupiga makofi taratibu mpaka mkubwa aitikie. Tangu siku ile hakuna mtu wa nyumba yetu aliyempigia Eustace makofi. Tulimpa shikamoo ya mdomo, kavu, tukapita. Yeye alielewa maana yake, na kijiji kizima kilielewa.

Kazi yangu mimi ni betri. Nilifundishwa na Bruda Oswaldi wa karakana ya misheni, aliyekuwa akitunza betri za redio ya mawasiliano. Alikuwa mzee mkali, hapendi kurudia neno, na aliponiona siogopi asidi akaniachia kazi yote. Alinifundisha kuangalia unene wa bamba zilizomo ndani, kupima asidi, na kusikiliza betri inavyochemka ikishiba. Alipohamishwa, Bwana Huseni, mwenye duka na malori pale Sumbawanga mjini, akanichukua niwe nachaji betri nyuma ya duka lake. Madereva walinicheka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili wakaanza kupanga foleni. Sketi zangu zote zina matundu, na sijali.

Sasa tufike mwaka themanini na moja. Vita vimekwisha, lakini mafuta ya taa yamekuwa adimu kuliko sukari. Watu wanalala saa moja na kuku wao. Eustace amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, ya bati, na juu ya nguzo uani amesimamisha pangaboi kubwa la mbao lililofungwa dinamo ya lori. Upepo wa Ufipa unaujua mwenyewe ukipita huko kiangazi, unazungusha chochote. Kilichobaki ni betri za kuhifadhia umeme huo, na mashine ya kuugeuza uwe kama umeme wa ukutani wa mjini, ile ambayo madereva wanaiita inveta.

Tena alikuwa na haraka. Mwezi wa saba kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja kukagua darasa la elimu ya watu wazima, na Eustace aliamua darasa hilo lihamie sebuleni kwake, lisome kwa taa za umeme. Kwa faida ya wananchi, alisema. Kila mtu alijua anatafuta kiti wilayani.

Alifika dukani asubuhi, amevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi. Aliponiona nyuma ya meza ya betri akasita. Alimvuta Huseni pembeni, akamuuliza kama hakuna fundi mwingine. Huseni, ambaye hajui kunong'ona, akajibu kwamba kutoka hapo mpaka Tunduma hatampata anayejua betri kunizidi.

Wazo langu la kwanza, sitaficha, lilikuwa kumuuzia betri mfu. Zilikuwepo tatu nyuma ya mlango, ukizichaji zinaamka siku mbili halafu zinalala moja kwa moja. Lakini jina la duka lilikuwa la Huseni, na Huseni hakunikosea kitu. Nikiwa bado nawaza hivyo, nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nilizunguka meza, nikapiga magoti kwenye ile sakafu chafu, nikakunja viganja, nikampigia Eustace makofi. Taratibu, kwa adabu yote, kama mama alivyonifundisha.

Uso wake ulibadilika. Miaka saba nzima hajapata makofi kutoka kwetu, leo anayapata dukani, siku anayokuja kununua kitu asichokijua. Alirudi nyuma hatua moja. Macho yake yakaanza kunipekua, na hapo nikaelewa kila kitu. Mtu huyu alijua alichonifanyia. Kwa hiyo, lolote nitakalomwambia leo ataliona ni mtego, na atafanya kinyume chake.

Nilijaribu kidogo nione kama sijakosea. Nikamwambia asikae kwenye benchi la upande wa kulia, limemwagikiwa na asidi, litamla suruali. Akatabasamu tabasamu la mtu aliyeshtukia hila mapema, akaenda kukaa hapo hapo, akajinyoosha vizuri. Asidi haina papara na nguo. Inangoja nguo ifuliwe ndipo matundu yajitokeze. Nilimtazama amekaa juu yake kwa raha zake na nikasikia utamu ambao sikuwa nimeusikia tangu sabini na nne.

Basi nikaamua kumpa kweli yote, bila kupunguza.

Huseni alikuwa na aina mbili za betri. Kulikuwa na sita za vioo, zilizotoka kwenye redio ya misheni moja iliyofungwa, nzito, zina vumbi, vioo vimeanza kuwa njano. Na kulikuwa na nne nyeusi za lori, mpya, zimeingia wiki ile kupitia mpakani Kasesya, vifuniko vyekundu vinang'aa. Nilimwambia achukue zile za vioo. Nikamfungulia aone ndani, bamba nene, safi, hazijamong'onyoka. Nikamweleza kwamba betri ya lori imetengenezwa kupiga teke moja tu, injini ikiwaka basi inalishwa tena papo hapo. Ukiifanya iwashe taa kutwa kucha mpaka ikauke, na kesho tena, na keshokutwa tena, bamba zake nyembamba zinasagika, na baada ya wiki chache umebaki na sanduku la kuatamishia kuku. Hizi za vioo zinatoa polepole. Usizishushe chini ya nusu, zitakuzika.

"Kwa hiyo chakavu ndizo zangu," Eustace akasema. "Hizo mpya unamwekea nani?"

Akachagua zile mpya, zote nne.

Tukaja kwenye inveta. Napo palikuwa na mbili. Moja ilikuwa ya chuma, ya zamani, mota inazungusha dinamo, inanguruma, inabebwa na watu wawili. Nyingine sanduku la bati, jepesi, lina taa ya kijani mbele na namba kubwa ya nguvu, ya kujisifu. Hilo sanduku nilikuwa nimelifungua mwenyewe nikaona nyaya zake, na namba ile haikuwa yake. Eustace alikuwa na redio kubwa ya kabati, yenye sahani ya santuri, na alitaka mgeni asikilize muziki. Nikamwambia redio ile itaweza kubebwa na inveta ya chuma tu, tena aiwashe saa moja na kuizima, maana inakula betri hata ikiwa haina kazi. Kuhusu taa nikamwambia asitumie inveta kabisa. Umeme kila ukigeuzwa unapotea kidogo kwa joto. Afunge balbu ndogo za lori, azivute moja kwa moja kutoka kwenye betri, atapata mwanga wa kusomea mwaka mzima.

Hapo alikasirika kweli. Balbu za lori sebuleni kwake, mgeni aje akute nyumba ya mwenyekiti ina taa za gereji. Alikuwa ameona taa za mirija ofisini mkoani, zile ndefu nyeupe, naye alitaka hizo, sita. Akachukua na lile sanduku la bati.

Huseni, Mungu ampe heri, alijaribu kuniunga mkono. Akamwambia mwenyekiti amsikilize fundi. Eustace akamjibu kwamba anaona wazi sisi wawili tunataka kumtupia takataka za misheni. Huseni akainua mikono, akaenda kufungasha. Aliponipita akaniuliza chini chini mbona huyu bwana kila anachoambiwa anafanya kinyume. Nikamjibu ni mambo ya zamani.

Likabaki la mwisho. Nikamwambia Eustace kwamba betri zikichajiwa hutoa hewa isiyoonekana, na hewa hiyo inashika moto. Azijengee kibanda nje, chenye matundu juu, na mtu asizikaribie na koroboi wala kijinga cha moto.

Akainuka kwenye benchi.

"Nje, ziibwe," akasema. "Ndugu zako wangapi bado wapo pale kijijini, Cornelia?"

Akaniambia zitalala chini ya kitanda chake.

Nilipaswa kuacha mchezo hapo. Suruali ni suruali, na taa kuzimika mbele ya mgeni ni aibu tu, haiui mtu. Lakini chumba kile hakikuwa cha Eustace peke yake, na hilo nililijua nikiwa bado nimemshikia kalamu ya kusaini.

Mama Marsiana alikuwa nje, ameketi kwenye kivuli cha lori na kikapu chake cha ulezi. Alizeeka kidogo tangu sabini na nne, ila sauti ilikuwa ile ile. Kwake nilipiga magoti bila kufikiri, nikampigia makofi, akanishika mabega akaniuliza habari za wadogo zangu mmoja mmoja kwa majina. Wakati wanapakia betri alizitazama kwa wasiwasi.

"Hivi vitu havina hatari, mwanangu?"

"Nimemweleza baba kila kitu," nikasema.

Nalo lilikuwa kweli. Ningemwambia yeye, angeniamini saa ile ile. Angemsumbua mumewe mpaka betri zitolewe nje, na Eustace akiona mkewe kashika neno langu angeanza kujiuliza kama na mengine hayakuwa kweli. Kesho yake angerudi dukani kubadilisha. Mwezi wa saba nyumba yake ingewaka vizuri, mgeni angepiga makofi, na yeye angeenda wilayani. Sikutaka aende wilayani. Nilitaka azimike mbele ya watu, akiwa amesimama. Nikamfungia Mama Marsiana mlango wa lori na kumtakia safari njema.

Habari nilizipata kwa Muhidin, dereva wa Huseni aliyekuwa akipita kijijini kila wiki kuchukua mahindi. Wiki ya kwanza alisema nyumba ya mwenyekiti inaonekana kutoka mbali, nyeupe, watu wanakuja kusimama uani kutazama tu. Nikameza mate machungu. Wiki ya tatu akasema taa zinafifia kabla ya watu kumaliza kula. Nikampa Muhidin chai na maandazi mawili. Pia akasema mwenyekiti ametobokewa na suruali ya kaki kwenye makalio, matundu kama ya ungo, na anasema amerogwa. Nilicheka mpaka nikashika meza.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Kule juu mwezi wa sita watu wanaziba madirisha kwa magunia, na pepo zinavuma mchana kutwa bila kupumzika. Pangaboi la Eustace lilikuwa linazunguka kwa fujo, linazijaza betri ambazo tayari zilikuwa zimekufa nusu, zinachemka tu. Mwishoni mwa mwezi Muhidin akaniambia Mama Marsiana anakohoa. Kwamba chumbani kwao kunanuka mayai viza, na mwenyekiti anasema ni panya amefia darini.

Nilijua ile harufu ni ya nini. Ningeweza kumtuma Muhidin kwa neno moja. Zilikuwa zimebaki siku tisa mgeni afike. Nikajiambia siku tisa si nyingi.

Siku yenyewe nilimwomba Huseni ruhusa, nikapanda lori la Muhidin. Nilivaa gauni langu la kanisani. Uani kwa Eustace kulikuwa na viti vya kuazima, na madebe ya maji ya kunywa yamepangwa ukutani, na mapipa mawili ya pombe ya ulezi chini ya mti. Mgeni alikuwa bwana mnene, mpole, amechoka na safari. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, mahali ninapomwona Eustace vizuri. Aliniona. Hakunisalimu.

Alisubiri jua lizame ndipo asimame kuhutubia. Alisema kuhusu adui ujinga, na maendeleo, na jinsi kijiji kinavyoweza kujitegemea hata kwa umeme. Aliongea vizuri, sitamnyima. Kisha akanyoosha mkono kwa mbwembwe kuelekea sebuleni, ambako wanafunzi wake, wazee watupu, walikuwa wamekaa na madaftari, na akaamuru taa ziwashwe na muziki uanze.

Mirija ikapepesa. Ikapepesa tena. Redio ikatoa mkoromo mmoja mrefu, kama wa mzee anayegeuka kitandani, ikanyamaza, na mirija yote sita ikazimika kwa pamoja.

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Waliziba midomo. Mmoja wa wale wazee wa sebuleni akauliza gizani kama darasa limekwisha, na hapo hata mgeni akakohoa kuficha kicheko. Eustace alibaki amesimama mkono umenyooka. Nami, nitasema kama ilivyokuwa, nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga. Nilimwambia mama moyoni, muone. Muone alivyosimama. Nilitaka dakika ile isiishe.

Nikasikia Eustace anamwambia mkewe kwa hasira akaangalie waya chumbani. Nikasikia kiberiti. Dirisha la chumba lilikuwa na gunia, na nyuma ya gunia nikaona mwanga mdogo, mwekundu, unapita kutoka mlangoni kwenda upande wa kitanda. Niliuona. Lakini nilikuwa bado namtazama Eustace, bado nala utamu wangu, na ilinichukua pumzi mbili tatu kuelewa ninachokiona. Niliposimama na jina la Mama Marsiana mdomoni, chumba kikalia kama bunduki.

Tulimtoa yeye akiwa anatembea. Hakuwa ameungua sana. Lakini betri mbili zilikuwa zimepasuka usoni pake alipoinama, na alikuwa amejishika macho kwa viganja vyote viwili, anasema kwa sauti ndogo kwamba yanawaka.

Nilikimbilia madebe ya maji. Eustace akasimama mbele yangu.

"Usimguse," akasema. "Leteni samli. Maji yasimguse."

"Maji, Mwenyekiti. Mengi, tena sasa hivi."

"Samli," akapiga kelele kwa watu. "Huyu msimsikilize."

Na watu wakasimama. Walikuwa wanamtazama yeye, wananitazama mimi, na asidi haikuwa inamngoja mtu. Nikarudia, maji. Nikaapa kwa jina la mama. Niliona namna macho yake yanavyonipekua, vile vile kama dukani, na nikajua ni mimi niliyeyafundisha hivyo. Nilikuwa nimeitumia kweli kama mtego, na sasa nilikuwa nayo mkononi haina kazi.

Mama Marsiana ndiye aliyemaliza. Alisema akiwa amejifunika uso, wala hakupaza sauti.

"Eustace, mwache. Nyumba ile haisemi uongo. Hata mama yake hakusema uongo siku ile, nawe unajua."

Eustace akasogea. Nikamlaza Mama Marsiana chini, nikampakata kichwa, nikamfungua macho kwa vidole vyangu na kumwagia maji, debe la kwanza, la pili, la tatu, mpaka yale ya mgeni yakaisha tukaanza ya kisimani. Gari la mgeni ndilo lililotupeleka hospitali mjini, mimi nikiendelea kumwagia njia nzima kutoka kwenye kidumu.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto halikupona.

Siku ya tatu nilimkuta Eustace kwenye veranda ya wodi, watu wamejaa, saa ya kuona wagonjwa. Alikuwa na shati lile lile. Kiti cha wilayani kilikuwa kimekwisha, hilo hakuna aliyehitaji kulisema. Aliponiona akainuka, na mimi nikajiandaa kwa matusi, tena nilikuwa na ya kumjibu. Badala yake alishuka kwa magoti, mzee mzima, mbele ya wale wauguzi na wauza ndizi, akakunja viganja akanipigia makofi.

"Mama yako alikuwa mgonjwa," akasema. "Niliona. Niliona alivyokuwa akivuta pumzi. Nilikuwa na kaya ishirini za kumaliza siku ile, nikasema anajifanya."

Miaka saba nilikuwa nimelisubiri neno hilo, nikilipanga kichwani litakavyotoka. Lilitoka vizuri kuliko nilivyolipanga. Sikumwitikia makofi yake, nilimwacha pale chini akipiga, na sijamsamehe mpaka leo. Nilimpita nikaingia wodini.

Mama Marsiana alikuwa ameketi, bandeji imemfunika nusu ya uso. Alinitambua kwa hatua. Akanikaribisha kitandani, akaniuliza kama nimekula. Kisha akageuza lile jicho lililobaki likanitazama.

"Nimekuwa nikijiuliza," akasema. "Siku ile dukani, ulipomwambia mambo yale yote. Ulijua hatakusikiliza?"

Nje Eustace alikuwa bado hajainuka, nilikuwa nasikia watu wakimwambia asimame. Yeye alikuwa amekwisha kusema lake. Mimi nilitazama kitenge alichojitanda, kama kile alichomfunika mama, nikamwambia hapana, Mama, sikujua.

Akaniamini. Akanipigapiga mkono, akaniomba nimpe kikombe cha maji.